Ikulu ni Mbali, Tononoka ni Karibu

Agosti 1968, uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya ulipokaribia, karatasi za uteuzi za wagombea wa Kenya People's Union (KPU), chama cha upinzani, zilikataliwa karibu kila pembe ya nchi. Sababu iliyotolewa: zimejazwa vibaya. Wagombea wa chama tawala, KANU, walijaza karatasi hizo hizo, mbele ya maofisa hao hao, na kalamu zao hazikuteleza. Uchaguzi ukaisha kabla haujaanza.

Vitabu vya historia hulitaja jambo hili kwa upesi, kisha vikakimbilia makubwa: risasi iliyomuua Tom Mboya Julai 1969, damu iliyomwagika Kisumu Oktoba mwaka huo huo, KPU kupigwa marufuku, kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga kutiwa kizuizini. Mimi husimama hapo hapo kwenye zile karatasi. Serikali ya Jomo Kenyatta ilikuwa imekwisha kuwapima KPU katika uchaguzi mdogo wa 1966, wakapata viti 9 kati ya 29 vilivyogombewa. Wabunge wachache wa upinzani kule Nairobi walivumilika. Wakipiga kelele huzomewa, mambo yakaendelea. Diwani ni habari nyingine. Diwani alikuwa na neno juu ya kodi ya nyumba za baraza, leseni ya kibanda, ushuru wa soko na zahanati ya mtaa. Chama kinachodai ardhi kwa wasio na ardhi kikikamata mambo hayo katika mji kama Mombasa, watu watauona ujamaa ukifanya kazi Jumatatu asubuhi, na baada ya hapo hakuna hotuba ya kuwatisha. Huo ndio mlango uliofungwa kwa komeo mbili.

Mombasa ililipia komeo hizo kwa namna yake. Kijana wa Kuze, Abdilatif Abdalla, alikuwa na miaka 22, mhasibu msaidizi katika Baraza la Mji. Alikuwa mfuasi wa KPU, na pamoja na wenzake akawa anaandika vijikaratasi vilivyosambazwa kwa siri. Kimoja kiliitwa Kenya: Twendapi? na kiliihoji serikali juu ya jinsi ilivyokibana chama cha upinzani. Alihukumiwa, akakaa ndani hadi 1972, sehemu kubwa ya muda huo peke yake, Kamiti na Shimo la Tewa, na humo ndimo alimotunga mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Shule zetu zimemfundisha Abdilatif mshairi kwa miaka. Abdilatif mwanachama wa chama cha mrengo wa kushoto, mfanyakazi wa baraza aliyeudhika kwa sababu wapinzani hawakuruhusiwa hata kugombea, huyo tumemwacha gerezani.

Nayarudia haya kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watarudi debeni, na mrengo wa kushoto umeanza tena kupiga hodi. Safari hii umekwenda moja kwa moja kwenye lango la Ikulu. Sungu Oyoo, mwanaharakati wa Kongamano la Mapinduzi, ametangaza kuwania urais kwa niaba ya muungano wa Kenya Left Alliance. Pembeni kiko Communist Party Marxist Kenya, chini ya Booker Ngesa Omole, kilichojipa jina hilo kwenye kongamano lake la Novemba 2024 baada ya kutengana na waliokuwa viongozi wa Communist Party of Kenya. Wote wamepata upepo mpya kutoka kwa vijana wa Juni 2024, wale walioukataa Mswada wa Fedha hadi Rais William Ruto akaurudisha. Ukiwasikiliza, husikii vichekesho. Wanasema nchi haiwezi kulipa madeni kwa kumkamua muuza mitumba. Kwamba masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yasiwe ndiyo bajeti. Kwamba ardhi, afya na elimu si bidhaa.

Hoja yangu ni fupi. Sera hizo Mombasa zinajulikana kuliko zinavyojulikana Nairobi, kwa majina mengine. Chama chenyewe ndicho kisichojulikana. Na kwa kukimbilia urais, kinajihakikishia kwamba kitaendelea kutojulikana.

Tuanze na ardhi, maana kisiwa hiki ni darasa. Katika Majengo na mitaa inayoizunguka, kwa vizazi vingi mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Mtu amejenga nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Amezaa humo, amezika wazazi kutoka humo. Na kila mwezi amelipa kodi ya ardhi iliyo chini ya miguu yake kwa familia nyingine, ambayo pengine haijapita mtaa huo kwa miaka. Kwa sababu kiwanja si chako, benki haikutambui. Kwa sababu ujenzi wako ulihesabiwa kuwa wa muda, ukiezua bati ili ujenge la kudumu unakaribisha kesi. Siku mwenye kiwanja atakapomuuzia tajiri wa maghorofa, unapewa notisi, na pengine fidia ya kuta. Hakuna mhadhiri wa chuo kikuu anayeweza kumfundisha mama wa Majengo unyonyaji wa kabaila. Anao ndani ya droo, umekunjwa pamoja na risiti.

Nenda Buxton. Nyumba za kaunti walizokaa wafanyakazi kwa miaka mingi zilibomolewa 2021, ukaanzishwa mradi wa maghorofa yanayouzwa. Wapangaji walikwenda mahakamani, wakashindwa. Wapo wanaosema mji lazima ukue, na majengo yale yalikuwa yamechoka. Nakubali, yalikuwa yamechoka. Lakini swali la nani anabaki mjini mji unapokua ndilo swali kongwe la mrengo wa kushoto duniani kote, na wakati linaulizwa Buxton sikumbuki bendera nyekundu ikipepea pale.

Halafu bandari. Kilindini ndiyo sababu ya mji huu kuwa na umbo ulilonalo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa gatini, relini, hotelini na majumbani waliweka zana chini, mji ukasimama. African Workers Federation ikazaliwa humo, Chege Kibachia akawa kiongozi wake, na kabla mwaka haujaisha wakoloni walikuwa wamemkamata na kumpeleka Kabarnet. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, Tom Mboya akaja kusaidia kupatanisha. Waajiri nao wakajifunza: wakapunguza vibarua wa siku na kuwaandikisha watu kwa utaratibu, kwa sababu kibarua asiyejua kesho atakula nini hana cha kupoteza akigoma.

Sasa kibarua wa siku amerudi. Kahawani Mwembe Tayari, baada ya Alasiri, nilikaa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya winchi na kijana wa miaka isiyofika thelathini anayefunga na kufungua kontena melini. Muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe kama anayetafuta mdundo. Kijana aliweka simu yake kifudifudi juu ya benchi, kisha kila dakika mbili tatu akaipindua kuitazama.

"Yuangoja kuitwa," mzee aliniambia. "Meli ikitia nanga wakala atampigia. Asipopigiwa, leo hakuna."

"Ami, jana pia hawakupiga," kijana akasema.

Nilimuuliza kijana kama amewahi kuwasikia hawa wa chama cha kikomunisti. Akacheka kidogo. "Nawaona kwenye simu. Wanasema kweli. Lakini hapa kwetu hawana mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu. Wa kumwendea."

Mzee aliongeza kashata mbele yangu, akasema wakati wao walikuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kila shifti, ukikatwa saa moja ya malipo unajua mlango wa kugonga. Hakusema kama mwakilishi huyo alikuwa wa kushoto au wa kulia. Sidhani hata swali hilo lingemwingia.

Neno hilo, mtu wa kumwendea, ndilo vyama vya kushoto havijalifanyia kazi Pwani. Tazama vuguvugu la Okoa Mombasa. Serikali ilipolazimisha kontena zipande reli ya SGR kwenda Nairobi, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye yadi na mama wauza chakula wa Changamwe na Miritini waliona riziki ikipita mbele yao juu ya mataruma. Mwaka 2019 watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mashirika ya haki kama MUHURI yalikwenda mahakamani, hata yakadai mikataba ya reli iwekwe wazi, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri ya mizigo. Lilikuwa vuguvugu la tabaka la wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo dhidi ya deni kubwa la nje, tungo kamili ya kitabu cha ujamaa, na hakuna chama cha kijamaa kilichokuwa na ofisi mjini kulipokea. Aliyelipokea ni William Ruto. Siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022, aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Walilima wengine shamba lile, akavuna aliyekuwa na chama.

Mwaka uliofuata serikali yake ikaja na mpango wa kukodisha baadhi ya magati ya Mombasa na bandari ya Lamu kwa wawekezaji binafsi. Chama cha wafanyakazi wa bandari kikapinga. Majirani zetu Dar es Salaam walikuwa kwenye moto huo huo wa mkataba wa bandari na DP World, na kule watu walikamatwa kwa kusema. Mada ya mwaka, kando kando ya bahari yote. Wa kushoto walitoa taarifa.

Sasa viongozi. Hapa nitasema wazi, kwa sababu anayejificha kwenye adabu hawasaidii wa kushoto. Kiongozi wa kushoto aliyekuwa na mizizi Pwani kuliko wengine wote wa zama hizi ni Mwandawiro Mghanga wa Taita: kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi 1985, mfungwa wa enzi ya Moi, mkimbizi Sweden, kisha mbunge wa Wundanyi kuanzia 2002. Huyu alikuwa na kila sifa ya kuujenga mrengo wa kushoto kutoka Voi hadi Kilindini. Akiwa mwenyekiti, chama kilichokuwa Social Democratic Party na kikawa Communist Party of Kenya kikaingia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, 2022. Hoja zilitolewa: siasa ya mahasla ilikaribia siasa ya tabaka, kwa hiyo mkomunisti angekuwa karibu na wanyonge. Nilizisoma hoja hizo wakati ule na zilinichekesha. Mwaka 2024 vijana walipopigwa risasi barabarani hazikumchekesha mtu. Wenzake waliokataa ndio leo wako na Omole. Haki iko upande wao kwa hilo. Lakini mgawanyiko uliwaachia kila upande jina refu zaidi na mizizi mifupi zaidi.

Na historia ya chama hicho hicho ingetosha kumtisha anayeota Ikulu. Charity Ngilu alikipeperushia bendera 1997 chini ya jina la Social Democratic Party, akashika nafasi ya tano. James Orengo, mwanasheria shupavu, mtu aliyekaa mstari wa mbele wa kila pambano, akajaribu 2002: hakufikisha nusu ya asilimia moja. Kati ya kampeni hizo mbili, ya Ngilu ndiyo kubwa, na kura zake nyingi zilikuwa za Ukambani na za jina lake. Wapiga kura hawakumkataa Orengo kwa sababu ya sera. Hawakuwa na haja ya kuzifikiria. Mtaani hakuwapo mtu wa kuwalazimisha wazifikirie.

Kuna gumu jingine, na wanaoandika kutoka Nairobi hulipita kimya. Dhuluma ya Pwani haisemwi kwa lugha ya tabaka. Inasemwa kwa lugha ya wenyeji na wageni. Mwana wa Pwani akiulizwa nani kamnyang'anya, hatakwambia ni bepari. Atakwambia ni mtu wa bara. Ndiyo lugha ya majimbo ya Ronald Ngala, ndiyo lugha ya Pwani si Kenya ya Mombasa Republican Council (MRC), na Agosti 1997 Likoni lugha hiyo ilimwaga damu ya majirani. Ina ukweli ndani yake, maana hati nyingi za ardhi za ufukweni zilikwenda kwa wakubwa wa utawala wa Nairobi. Lakini ilimficha pia kabaila wa hapa hapa, anayeswali safu ya kwanza, mwenye viwanja vya Majengo. Mrengo wa kushoto una faida moja juu ya wanasiasa wote wa Mombasa: hauna haja ya kumficha huyu. Mgomo wa 1947 uliwashika Mkikuyu, Mluo, Mmijikenda na Mswahili katika madai ya kitu kimoja, mshahara na kodi ya nyumba. Anayetaka kuwaunganisha tena itabidi aseme mambo mawili kwa pamoja, la dhuluma ya Nairobi na la dhuluma ya mtaani, na ayaseme kwa Kiswahili cha mtu anayejulikana msikitini na kilabuni pia.

Msikitini, naam. Jina la ukomunisti ni mzigo Mji wa Kale. Wazee wengi wakilisikia husikia ukafiri tu. Sidhani ni lazima iwe hivyo. Mji wenye wakfu nyingi kama huu, ambao riba ni haramu na zaka ni faradhi, hauna ugeni na wazo kwamba mali ina haki ya wengine ndani yake. Abdilatif alitoka katika nyumba ya wanazuoni akaingia KPU bila kuona ukuta katikati. Lakini kama chama kitafika Ndia Kuu na picha ya Lenin kabla ya kufika na jibu la notisi ya kuhamishwa, basi kisilaumu mwitikio. Nimependekeza hili kwa rafiki yangu mmoja wa mrengo huo. Alinijibu kwamba kuficha jina ni woga. Labda. Mimi naona kuna tofauti kati ya kuficha jina na kulitanguliza.

Walio na macho na watazame ng'ambo ya mpaka. ACT-Wazalendo ya Tanzania ilianza na itikadi iliyoandikwa vizuri, ikatangaza Azimio la Tabora 2015 kwa nia ya kuhuisha lile la Arusha, na uchaguzi wa mwaka ule ukaipa kiti kimoja tu cha jimbo, cha Zitto Kabwe. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad alihama CUF na watu wake, shusha tanga, pandisha tanga, na kwa siku chache chama kile kikawa na matawi Unguja na Pemba, mabaraza, vijiwe, wazee wa kuheshimiwa, vijana wa kulinda kura. Mwaka uliofuata, pamoja na yote yaliyotendeka katika uchaguzi wa 2020, kilikuwa chama kikuu cha upinzani Zanzibar, na Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Azimio halikubadilika hata mstari. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa kumwendea kila shehia. Mkenya wa kushoto hana Maalim Seif wa kumhamia. Itabidi ajenge shehia zake mwenyewe, moja moja.

Nafasi ipo, na pengine haijawahi kuwa pana hivi tangu vyama vingi virudi. ODM ndiyo iliyoishika Mombasa kama ngome ya upinzani kwa zaidi ya muongo, ikajiita ya kidemokrasia ya kijamii kila ilipobidi. Machi 2025 ikatia saini makubaliano ya ushirikiano na Ruto. Hassan Joho, gavana wake wa zamani, tayari alikuwa waziri. Oktoba mwaka huo kiongozi wake Raila Odinga akafariki dunia. Mpiga kura wa Mvita aliyezoea kulipigia chungwa la ODM ili kuikomoa serikali sasa akilipigia chungwa anaipigia serikali. Wengi hawatapiga kabisa. Mwaka 2022 hata nusu ya waliojiandikisha Mombasa hawakujitokeza, na uchaguzi wa gavana wenyewe ulisogezwa hadi 29 Agosti kwa kosa la karatasi za kura.

Hesabu basi iwekwe mezani. Mgombea urais huhitaji saini za wapiga kura 2,000 kutoka kila kaunti, katika kaunti zisizopungua 24, na ada aliyoilipa 2022 ilikuwa shilingi 200,000. Mgombea wa Bunge la Kaunti alilipa 5,000, na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu nusu yake. Kwa ada ya urais mmoja unasimamisha wagombea katika wadi zote 30 za Mombasa na chenji ikabaki. Mvita ina tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Kiti cha wadi hupatikana kwa kura elfu chache, na mkaaji wa wadi huwajua kwa sura wengi wa watakaozipiga. Na bunge hilo la kaunti ndilo linalopitisha sheria ya fedha na bajeti ya kaunti: ada ya kibanda Marikiti, ushuru wa soko la Kongowea, maegesho ya tuktuk, bajeti ya zahanati. Mambo yale yale ambayo mwaka 1968 yalistahili kuzuiwa kwa kila hila ya karani wa uchaguzi.

Nikibashiri 2027 kama mambo yalivyo sasa, mgombea urais wa kushoto atazunguka nchi, atazungumza vizuri kuliko wengi kwenye mdahalo kama akialikwa, na atamaliza alipomaliza Orengo. Shimanzi/Ganjoni, iliyo na gati, matangi ya mafuta na maghala, na vibarua wanaopindua simu zao kila dakika mbili, haitakuwa na jina lake kwenye karatasi ya wadi. Kama chama kimoja kati ya hivi kitaniaibisha kwa kumsimamisha pale mfanyakazi wa bandari anayejulikana kwa jina la utani, mwenye mguu mmoja chama cha wafanyakazi na mwingine kamati ya wapangaji, kura yangu anayo, na nitaandika kuhusu ofisi yake ya mtaani atakapoifungua.